Kujitambulisha kwa Kihispania: 'Me llamo' si 'najiita'

MWAKA jana mwanangu wa pili alinipigia simu kuniarifu kwamba Jumapili ya wiki hiyo wazazi wa mkewe wangetaka kunisalimu kwa video. Mkazamwana wangu ni mzaliwa wa Bogotá, jiji kuu la Colombia. Wazazi wake hawajui Kiingereza, na Kiswahili wamekisikia tu mwanangu anapozungumza nasi kwa simu. "Baba, wewe jitambulishe tu kidogo kwa Kihispania, mengine nitatafsiri," akaniambia.

Nilikuwa na siku sita. Nimefundisha isimu kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hivyo nikajiambia kwamba sentensi nne tano haziwezi kunishinda. Zilinishinda. Nilikaa wima mbele ya kamera, nikakohoa kidogo, kisha nikatamka kwa sauti ya mhadhara: "Estoy profesor. Tengo sesenta y cuatro anos." Upande wa pili kukawa kimya. Mkwe wangu akaangalia dari. Mkazamwana wangu akajifunika uso kwa kiganja.

Makosa yalikuwa mawili, na moja ni la aibu. Nitayafikia. Tangu siku hiyo nimejifunza lugha hii kwa bidii ya mtu aliyeaibika mbele ya wakwe, na nimegundua kwamba mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa ambao vitabu vya kujifunzia, vingi vikiwa vimeandikiwa wasemaji wa Kiingereza, havimwambii. Kihispania ni lugha ya kwanza ya watu takribani milioni 500, na ni lugha rasmi katika nchi 20, mojawapo ikiwa ya hapa Afrika, yaani Guinea ya Ikweta. Vijana wetu wanakwenda Uhispania kusoma, na wanariadha wetu kila mwaka wamo Valencia wakikimbia. Wote hawa huanza kwa lile swali la kwanza: wewe ni nani?

Tuanze na sauti. Kihispania kina irabu tano: a, e, i, o, u, na zinatamkwa takriban kama zetu. Mkazo nao kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho neno linapoishia kwa irabu, kama katika Kiswahili. Likienda kinyume cha kanuni, hutiwa alama juu ya irabu, ndiyo maana Bogotá husomwa kwa kukaza mwisho. Mwingereza huhangaika wiki kadhaa na mambo haya. Wewe huhitaji hata dakika. Soma "mucho gusto", yaani nimefurahi kukufahamu, jinsi ungelisoma neno la Kiswahili na utakuwa umelipatia.

Vya kujihadhari navyo ni vichache. Herufi h haitamkwi: "hola", salamu ya kawaida, ni "ola". Herufi j inakaribiana na "kh" ya wazee wetu wa pwani wanaposema "kheri", kwa hivyo "hijo", yaani mwana wa kiume, ni "ikho". Herufi mbili za l zikifuatana, kwa wasemaji wengi wa leo husikika kama y. Herufi v hutamkwa kama b, hivyo "vivo", ninaishi, masikioni mwetu ni "bibo", na mtu wa Kilifi atadhani unataja tunda la mkorosho. Kisha kuna ñ yenye kiwimbi kichwani. Hiyo ni "ny" yetu ya nyumba na nyanya, hakuna zaidi. "Año" ni mwaka, nawe unasema "anyo". Ukikisahau kile kiwimbi ukasema "ano", umetaja sehemu ya mwili ambayo haitajwi mezani, achilia mbali mbele ya wakwe. Basi mimi niliwaambia watu wale, kwa sauti ya mhadhara, kwamba ninazo hizo 64.

Sasa jina. Mhispania husema "Me llamo" kisha jina lake, na hutamkwa "me yamo". Ukilivunjavunja neno kwa neno utapata "najiita". Hapa Mswahili hushtuka kidogo, maana kwetu anayesema "najiita" ama ni msanii mwenye jina la jukwaani, ama ni mtu ambaye polisi wanamtafuta kwa jina jingine. Sisi hutumia kauli ya kutendwa, "naitwa", kana kwamba jina ni kitu ambacho wengine wamekupa nawe unaripoti tu. Katika Kihispania hakuna shuku yoyote. "Me llamo" ndiyo njia ya kawaida na ya adabu. Unaweza pia kusema "Soy" na jina, au "Mi nombre es", jina langu ni, ambayo ni rasmi zaidi kidogo.

(Na kwa kuwa nimelitaja hili, niseme neno kuhusu "kwa majina naitwa", ambayo siku hizi imejaa redioni na kwenye mahafali. Unaitwa jina au kwa jina. Ukisema "kwa majina naitwa" umerundika mambo mawili, kisha ukamtangazia msikilizaji orodha. "Naitwa" peke yake inatosha na haijawahi kumvunjia mtu heshima.)

Swali lenyewe ni "¿Cómo te llamas?" Neno "cómo" ni vipi, jinsi gani. Kwa hivyo Mhispania haulizi jina ni kitu gani, kama Mwingereza, anauliza "unajiita vipi?" Lakini si sisi pia tuna "unaitwaje", na hiyo -je mwishoni ni nini kama si vipi? Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili hapa hana la kukariri. Anayefikiri kwa Kiingereza ndiye husema "qué te llamas" na kusahihishwa kila Jumatatu.

Utaona pia kwamba katika "me llamo" hakuna neno la "mimi". Lipo, ni "yo", lakini halihitajiki. Sisi nafsi ya mtenda tunaiweka mbele ya kitenzi: ni-naishi, u-naishi, tu-naishi. Wao huiweka nyuma: vivo, vives, vivimos. Ile -o ya mwisho ndiyo ni- yetu. Ukisema "yo vivo en Nakuru" kila mara, utasikika kama mtu anayesema "mimi naishi Nakuru, mimi nina watoto wanne, mimi ni mwalimu", yaani mtu anayegombana na mwingine asiyekuwepo.

Nije kwenye kosa langu la kwanza, "estoy profesor". Kihispania kina vitenzi viwili pale ambapo Kiingereza kina kimoja: "ser" na "estar". Vitabu vingi hueleza kwamba cha kwanza ni cha mambo ya kudumu na cha pili ni cha mambo ya kupita. Ufafanuzi huu unapotosha. Kifo ni cha kudumu kuliko chochote, na bado Wahispania husema "está muerto", kwa "estar". Mwalimu wa Kiswahili ana njia fupi zaidi. Pale unaposema "ni", tumia "ser". Pale unaposema "-ko", "-po" au "-mo", tumia "estar". Mimi ni Mkenya: "soy keniano". Mimi ni mwalimu: "soy profesor". Niko nyumbani: "estoy en casa". Yupo hapa: "está aquí". Niko sawa, au kama wasemavyo vijana, niko poa: "estoy bien".

Halafu kuna hali ambazo sisi hutumia -me-: nimechoka, nimeketi, nimeoa. Nimeketi haina maana ya tendo lililopita, ina maana kwamba hivi sasa niko kitini. Hiyo -me- ya hali nayo, mara nyingi, huangukia upande wa "estar": "estoy cansado", "estoy sentado", "estoy casado". Sisemi kwamba ulinganifu huu haukosi kasoro. Harusi "ni wapi" kwa Kihispania hutumia "ser" ingawa inahusu mahali, kwa sababu tukio hufanyika, halikai. Lakini kwa siku za mwanzo, "ni" na "-ko" zitakuvusha mito mingi. Mimi nilizijua zote mbili, nimezifundisha tangu nikiwa kijana, na siku ile sikukumbuka kuziuliza.

Kwenye umri bahati yetu ni kubwa zaidi. Mwingereza husema yeye "ni" miaka 64. Mhispania na Mswahili wote husema wana miaka hiyo: "tengo 64 años", nina miaka 64. Vivyo hivyo "tengo hambre", nina njaa. "Tengo sed", nina kiu. "Tengo sueño", nina usingizi. "Tengo prisa", nina haraka. Niliposoma orodha hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Onyo moja tu kwa wasomaji wangu wa Nairobi: "niko na njaa" na "niko na miaka ishirini" zitawapeleka kwenye "estoy con", na huko siko. Rudini kwenye "nina" kwanza, halafu ndipo mtafsiri.

Jinsia ndiyo inayotuangusha. Ngeli ya A-WA haijali kama mtu ni mume au mke: Mkenya ni Mkenya. Kihispania kinajali. Mwanamume husema "soy keniano", mwanamke "soy keniana". Ukitambulishwa kwa mtu unaweza kujibu "encantado" ikiwa wewe ni mwanamume, na "encantada" ikiwa ni mwanamke. Zingatia kwamba kinachotazamwa ni jinsia ya anayesema, si ya anayeambiwa. Kuna pia neno "keniata" linalotumika sana magazetini mwao kwa maana ya Mkenya, na hilo halibadiliki. Wasomaji wa umri wangu watatabasamu kulisikia likitajwa kwa kila mwanariadha wetu, maana kwetu hilo ni jina la familia moja tu.

Sasa jambo lililonipa kazi kuliko yote: wewe ni "tú" au ni "usted"? "¿Cómo te llamas?" ni ya mtoto, rafiki, rika lako. Kwa mtu wa kuheshimiwa ni "¿Cómo se llama usted?" Asili ya "usted" ni "vuestra merced", maneno ya kale ya kumtaja bwana kwa fadhila yake badala ya kumwita wewe. Ndiyo maana kitenzi chake ni cha nafsi ya tatu, kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine aliye chumbani. Si jambo geni kwetu. "Mzee ameamkaje?" twamwambia mzee huyohuyo aliye mbele yetu. Sisi hatuna kiwakilishi cha heshima, heshima yetu tumeiweka kwenye majina ya ukoo na cheo: mzee, mama, shangazi, mwalimu. "Wewe" kavu kavu hatumwambii mkwe, na Mhispania wa makamo naye hatarajii "tú" kutoka kwa kijana asiyemjua, ingawa nchini Uhispania kwenyewe "tú" imeenea mno miaka hii, hata madukani.

Kwa hivyo nilijifunza "usted" kwa ajili ya wakwe, nikaridhika. Kisha, katika simu ya pili, nikamsikia mama mkwe akimwambia binti yake "usted". Binti wa kumzaa! Nikaingiwa na wasiwasi. Nikadhani wamekosana, na kwamba huenda chanzo ni ndoa hii ya mbali. Sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia mwanangu kumuuliza kwa kuzungukazunguka kama kuna tatizo nyumbani. Alicheka hadi akakata simu.

Kumbe Bogotá na nyanda za juu zinazoizunguka, "usted" si ya heshima peke yake. Mama humwambia mwanawe, mume mkewe, marafiki wa tangu utotoni wao kwa wao. Ni neno la mbali na la karibu kwa pamoja, na wenyeji hutambua ni lipi kwa sauti na muktadha. Zaidi ya hayo wana "sumercé", mabaki ya "su merced", ambalo limepoteza ubwana wake wote likabaki na upole tu. Mama mkwe sasa huniita "sumercé", na ninakiri kwamba hakuna cheo cha chuo kikuu kilichowahi kunifurahisha namna hiyo. Anayefunzwa kwamba "usted" ni ya wakubwa na "tú" ni ya wadogo amefunzwa nusu. Nusu nyingine iko katika mji unaokwenda, na hiyo utaipata kwa kusikiliza.

Kuhusu cheo, kulikuwa na pigo dogo. Nilipojirekebisha na kusema "soy profesor", baba mkwe akaniuliza kwa moyo mwema kabisa watoto wangu wa darasani wana umri gani. "Profesor" kwao ni mwalimu wa shule ya upili, wa chuo, hata wa gitaa. Si daraja kama "profesa" wetu ambaye huandikwa kwenye mlango. Ingenibidi kuongeza "universitario", wa chuo kikuu. Nilimjibu kwamba wana miaka ishirini na kitu, lakini wengine bado ni watoto.

Msomaji anayesafiri azingatie zaidi suala la majina mawili. Kihispania hutofautisha "nombre", jina lako mwenyewe, na "apellidos", majina ya ukoo, ambayo kwa kawaida ni mawili: la kwanza la upande wa baba, la pili la upande wa mama. Mwandishi mashuhuri wa Colombia, Gabriel García Márquez, baba yake alikuwa García na mama yake Márquez. Kumwita Márquez tu, kama wafanyavyo wanafunzi wetu katika insha, ni kumwita kwa ukoo wa mama yake. Kwa ufupi yeye ni García Márquez. Mwanamke akiolewa habadilishi majina haya kisheria.

Mkenya naye huja na majina matatu yasiyofuata mpango huo. Mwanangu ana jina la ubatizo, la pili la babu yake, yaani baba yangu mzazi, na la mwisho ni langu. Katika ofisi moja huko, karani aliona majina matatu akafanya hesabu aliyoizoea: la kwanza "nombre", mawili yanayofuata "apellidos". Hivyo jina la marehemu baba yangu likawa ukoo wa baba, na jina langu likawa ukoo wa mama. Mwanangu hakung'amua hadi alipokwenda hospitali na faili yake haikuonekana, kwa sababu aliitafuta kwa jina langu nayo ilikuwa imewekwa kwa jina la babu. Ukiulizwa "¿Cuáles son sus apellidos?" usitaje tu yaliyobaki kwenye pasipoti. Eleza lipi ni la ukoo, na uhakikishe limeandikwa wapi kabla hujatia sahihi.

Kosa hilo halijarekebishwa. Na mkazamwana ni mjamzito. Mtoto huchukua "apellido" la kwanza la baba na la kwanza la mama, kwa hivyo mjukuu wangu, mambo yakibaki yalivyo, atabeba jina la baba yangu, kisha la familia ya Bogotá, na langu halitakuwapo popote. Mwanangu ameniuliza kama nataka aanze safari ya kurekebisha, ambayo ina mihuri na ada nyingi. Baba yangu alifariki 1989, hakuwahi kutoka nje ya Kenya. Nimemwambia anipe muda nifikirie.

Wakati nikifikiri, naendelea kujifunza, na kila mara nakutana na jamaa. Waarabu na Waberberi waliingia Uhispania mwaka wa 711, na utawala wa mwisho wa Kiislamu, wa Granada, ukaanguka 1492. Karne hizo zote ziliacha maneno ambayo nasi tuliyapokea kwa njia ya bahari. "Azúcar" ni sukari. "Fulano" ni fulani, na kwa matumizi yaleyale. "Mezquino" ni ndugu wa maskini, ila kwao maana ya leo ni bahili au mtu mdogo wa roho. "Ojalá" imebeba jina la Mungu ndani yake kama inshallah yetu. Na "hasta" ya "hasta mañana" inatoka katika "hatta" ya Kiarabu, iliyotupa "hata", ambayo wazee waliitumia kwa maana ya hadi: alikesha hata asubuhi. Kuagana kwao kwa "hasta mañana" ni "hata kesho". Kwa "mesa" na "bandera" hatuna haja ya Waarabu, Wareno walituletea meza na bendera wenyewe, na walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593 mfalme wao alikuwa huyohuyo mfalme wa Uhispania.

Jumapili iliyopita zamu ilikuwa ya mama mkwe. Alikuwa amejiandalia karatasi, akavaa miwani, akasoma polepole: "Naitwa," na jina lake, kisha "nina miaka sitini na moja." Bila kosa. Nilipiga makofi. Kisha akaniuliza, kupitia kwa mwanangu, kwa nini Kiswahili kinasema "naitwa" na si "najiita". Nikamweleza kauli ya kutendwa. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akauliza tena: sawa, unaitwa, lakini na nani?